Joto la Bure: Kisa cha Kitalu Nyumba Kwenye Balkoni ya Ghorofa ya Tatu, Mtwara

"Mzee, njoo uzione maiti zangu." Ndivyo alivyoniandikia Sista kwenye WhatsApp, mwishoni mwa Oktoba. Chini ya maneno kulikuwa na picha: ndoo kumi na mbili nyeupe, ndani yake miche ya nyanya na matango imelala kama kanga iliyoanguka kutoka kwenye kamba.

Nina kitalu cha miche kando ya barabara ya kwenda Mikindani, na miche ile ilitoka kwangu wiki tatu nyuma ikiwa na afya yake. Kwa hiyo nilikwenda kwa sababu mbili: kusaidia, na kujua kama nitadaiwa.

Anakaa Shangani, kwenye mojawapo ya majengo yaliyoota wakati mji umeshikwa na homa ya gesi, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika mwaka 2015. Ni muuguzi, na jengo zima humwita Sista, hata watoto. Balkoni yake ina urefu wa mita 3.2 na upana wa mita 1.2, imetazama kaskazini-magharibi. Juu yake kuna zege la balkoni ya jirani wa ghorofa ya nne. Mbele kuna reli ya chuma inayofika kifuani. Jengo linaishia hapo, kwa hiyo ubavu wa magharibi nao uko wazi. Yote haya niliyapuuza siku ya kwanza, nikaja kuyalipia baadaye.

Kilichojaza balkoni kilikuwa grinihausi (kitalu nyumba) ya kuunga mwenyewe, aliyoagiza mtandaoni baada ya kuangalia video nyingi usiku wa zamu. Vyuma vyembamba vilivyopakwa rangi ya kijani, nailoni nzito inayopitisha mwanga, mlango wa zipu. Urefu mita mbili, kina sentimita 80, kimo mita 1.8. Kwa macho ilipendeza kweli. Alikuwa ameipamba hadi na taa ndogo.

Nilifungua zipu saa tisa na nusu mchana. Hewa iliyonipiga usoni ilikuwa kama ya kufunua sufuria ya ubwabwa. Kipimajoto alichotundika ndani kilisoma nyuzi 47. Nikakitoa nje, nikakiweka kivulini sebuleni kwa robo saa: 31. Tofauti ya nyuzi 16, kati yake na sebule kuna nailoni tu.

Nikatumbukiza kidole kwenye ndoo. Udongo ulikuwa umelowa chapachapa, hadi chini.

"Umemwagilia lini?"

"Asubuhi kabla ya kazini, na sasa hivi niliporudi. Nikirudi naikuta imenyong'onyea, Mzee. Ningefanyaje?"

Hapo ndipo kisa kinapoanza kueleweka. Mche ulionyauka mchana wa joto kali si lazima uwe na kiu. Majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, hata kama mizizi imekaa ndani ya bwawa. Sista aliona majani yamelegea, akaongeza maji. Maji yakaziba nafasi za hewa, mizizi ikakosa pumzi, kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha shina la mche, akapata makazi. Nilipong'oa mche mmoja, shina lake karibu na udongo lilikuwa limebonyea na kuwa kahawia, jembamba kama uzi. Kesho yake lingenyauka hata bila jua. Alikuwa anaua kwa huruma, na ndiyo namna inayoua miche mingi zaidi mjini hapa. Naiona kila mwezi.

Matango yalikuwa na jambo la pili. Kingo za majani zimeungua, zimekauka kama karatasi ya maandazi. Nikanusa. Salfa.

Mkoa wetu huwezi kukaa mbali na salfa. Kuanzia Juni mikorosho inapochanua, mashambani unasikia mabomba ya kupulizia yananguruma tangu alfajiri, watu wanapambana na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga. Sista ana mjomba Tandahimba. Aliona madoa meupe kwenye majani ya matango, akakumbuka ubwiri unga, mjomba akamtumia kopo. Dawa yenyewe ni sahihi kwa ugonjwa huo. Ila salfa ikikutana na joto linalozidi nyuzi 32 hivi huunguza majani, na matango ni miongoni mwa mimea inayoichukia zaidi. Shambani watu hupuliza mapema hewa ikiwa imepoa. Yeye aliinyunyiza ndani ya chumba cha nyuzi 47, akafunga zipu, akaenda kulala. Na madoa meupe, nilipoyafuta kwa kidole, yalikuwa chumvi ya maji ya kumwagilia iliyokaukia juu ya jani. Hapakuwa na ubwiri unga wowote.

Sasa niseme kosa langu, maana nalo limo ndani ya kisa.

Nilimwambia anunue neti ya kivuli ya asilimia 50 na kuitundika ndani ya nailoni, juu ya miche. Nilimpa miche mipya sita bure (hiyo ndiyo ilikuwa namna yangu ya kukwepa kudaiwa). Baada ya siku nne akanitumia picha ya kipimajoto: 45. Nilikuwa nimempunguzia nyuzi mbili. Neti nyeusi ikiwa ndani hunywa jua na kugeuka jiko. Mwanga umeshapita kwenye nailoni, umeshakuwa joto, na joto halina pa kutokea. Kivuli huwekwa nje ya nailoni, tena kwa kuacha nafasi katikati hewa ipite. Nalijua hilo. Nimewafundisha vijana wangu hilo. Nilichofikiria siku ile ni kwamba nje ya nailoni hakuna mahali pa kufunga kamba, basi nikachagua kilicho rahisi.

Nikarudi Jumamosi, safari hii na kigoda. Nilikaa pale kuanzia saa mbili asubuhi hadi jua linazama, naye akilala baada ya zamu ya usiku. Mama yake, anayekaa naye, aliniletea uji, na baadaye ugali kwa mchuzi wa pweza, kwa hiyo msinihurumie.

Kuanzia asubuhi hadi saa sita balkoni ile ilikuwa kivulini kabisa. Ndani ya nailoni nyuzi 29, nje 28. Saa saba jua likachungulia kwa ubavu wa magharibi. Saa nane ndani 41. Saa kumi, 46. Jua lilipozama, ukuta wa nyuma ulikuwa bado wa moto ukiuwekea kiganja, na saa mbili usiku ndani ya nailoni kulikuwa na nyuzi 29 wakati nje ni 26. Kwa hiyo mimea ilikuwa inalala na joto pia.

Nyanya haivumilii hilo. Mchana ukizidi nyuzi 32 au zaidi kidogo, na usiku usiposhuka hadi karibu 21, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Unaweza kuwa na mti mzuri, mrefu, wa kijani, usiozaa hata tunda la kuonja. Na matango ya kawaida yanahitaji nyuki wa kuhamisha chavua kutoka ua dume kwenda ua jike. Nyuki gani atapanda ghorofa ya tatu kisha afungue zipu?

Kitalu nyumba cha nailoni kimetengenezwa kwa shida ambayo sisi hatuna. Kinaruhusu mwanga uingie na kuzuia hewa ya moto isitoke. Kwenye nchi za theluji, au hata hapa kwetu kule Makete na Njombe ambako sakitu (umande unaoganda kwa baridi) huunguza viazi shambani, joto hilo ni la kulipia. Mtwara joto ni la bure. Usiku wa Julai, ndio baridi yetu ya kuvalia sweta, unasoma kama nyuzi 20. Hata mashambani hapa nyanda za joto, anayejenga kitalu nyumba kwa akili huweka neti ubavuni na tundu la juu la kutolea hewa. Anachotafuta ni kuzuia mvua inayopiga na wadudu. Yule wa kwenye video alikuwa anatafuta kitu kingine.

Kuna jambo lililonijia nikiwa na bakuli la uji mkononi. Kwenye shamba wazi, mtu hununua paa ili mvua isipige majani. Hapa paa lipo: zege la jirani wa juu. Ukuta wa nyuma upo. Ubavu wa mashariki umezibwa na jengo. Balkoni ya Sista ilikuwa tayari nusu ya kitalu nyumba kabla hajanunua chochote, na ile nusu iliyobaki ilihitaji pazia tu.

Kisha zamu. Nilimuuliza nani atakuwa nyumbani kufungua zipu saa sita mchana na kuifunga jioni. Akacheka. Wiki hii asubuhi, wiki ijayo usiku, mama yake ana magoti. Basi chochote tutakachoweka pale kilipaswa kujiendesha chenyewe kuanzia saa sita hadi saa kumi na mbili.

Kabla ya kubomoa, nilipiga hesabu mbili ambazo ningetaka kila mtu wa ghorofani azipige.

Ya kwanza ni uzito. Ndoo ya lita 20 iliyojazwa lita 17 za udongo wa kichuguu na mchanga, ikilowa, inakaribia kilo 29. Mara kumi na mbili ni karibu kilo 350, zimekaa kwenye eneo la mita za mraba 1.6. Hiyo ni zaidi ya kilo 210 kwa kila mita ya mraba. Sakafu za makazi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 hivi kwa mita ya mraba, watu na vyombo vikiwemo, na balkoni ni kibao kilichochomoza nje, kimeshikwa upande mmoja. Mimi si mhandisi. Lakini pwani hii chumvi huingia kwenye ufa mdogo wa zege na kutafuna nondo kimyakimya, na sikuona sababu ya kujaribu bahati ya mtu kwa ajili ya matango.

Ya pili ni upepo. Kila tukisikiliza redio msimu wa kusi au kaskazi tunaonywa juu ya upepo unaofikia kilometa 40 kwa saa. Upepo huo, ukipiga bapa lililosimama, unasukuma kwa nguvu ya kama kilo 7.7 kwa kila mita ya mraba. Uso wa grinihausi ya Sista ulikuwa mita za mraba 3.6, kwa hiyo ni kilo 28, zaidi ya nusu mfuko wa saruji unaegemea vyuma vyembamba kuliko kidole. Upepo ukizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne: kilo 110, mifuko miwili na ushee. Kimbunga Hidaya kilipotua Mafia tarehe 4 Mei 2024, pwani yetu ya kusini nayo ilipata sehemu yake, barabara ya kutoka Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika. Nailoni iliyofungwa zipu pande zote siku kama ile haitofautiani na tanga la dau, ila dau lina nahodha.

Balkoni hii imeyapa mgongo makusi. Anayeifikia ni kaskazi, kwa kona, kuanzia Desemba, na zile dhoruba fupi za mwanzo wa mvua ambazo hutokea zinakotaka.

Tukabomoa Jumapili ya pili ya Novemba. Ndoo za lita 20 zikashuka, kijana mmoja akizibeba mbili mbili, na pale chini tukakutana na sura ya kesi ambayo Sista hakunieleza. Mama wa vitumbua, anayeishi na kupika ghorofa ya chini, alikuwa amesimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ndiyo wewe mwalimu wake wa kilimo? Mwenzangu analima huko juu, mimi huku navuna matope. Shuka langu jeupe, kanga yangu ya Idi, zote zina michirizi."

Hakukosea. Kila jioni maji yaliyozidi yalitoka kwenye matundu ya ndoo, yakafuata mteremko wa sakafu hadi kwenye bomba fupi la kutolea maji ya mvua, yakamwagikia kamba yake ya nguo. Msimamizi wa jengo naye alikuwa ameshalalamikiwa, na alichotaka ni kimoja: hakuna kutoboa reli wala dari. Nilimuunga mkono. Tundu la boliti kwenye zege la pwani ni mwaliko kwa kutu.

Tulichoweka ni hiki. Vyuma vya grinihausi vilibaki, nusu ya chini tu, vikawa meza ya kimo cha goti iliyofungwa kwa kamba ya manila kwenye nguzo za reli. Kwenye meza zikakaa ndoo kumi za lita 10, zikisogezwa ukutani ambako balkoni ina nguvu zaidi. Hakuna kitu kilichowekwa juu ya reli wala kuning'inizwa nje yake. Ndani ya ndoo tuliachana na kichuguu. Makumbi ya nazi sokoni hupewi bei, unaambiwa yaondoe tu. Tuliyachambua usumba, tukaukatakata, tukauloweka na kubadilisha maji siku tatu mfululizo hadi yakaacha kutoka rangi ya chai, maana usumba mbichi una chumvi na utomvu unaodumaza mizizi. Tukachanganya na samadi ya mbuzi iliyooza na mchanga kidogo. Ndoo nzima ikilowa haifiki kilo 9. Mzigo wote kilo 90, kutoka 350.

(Kuna jirani alipendekeza maganda ya korosho, kwa kuwa ni mengi na mepesi. Hapana. Mafuta yake yanababua mikono ya wabanguaji. Mizizi itakuwa na afadhali gani?)

Chini ya kila ndoo kuna sahani ya plastiki. Sahani hizo Sista humwaga asubuhi, kwa sababu ya nguo za watu na kwa sababu ya mbu. Umwagiliaji umekuwa lita moja hivi kwa ndoo, alfajiri au baada ya jua kuzama, tena baada ya kidole kuingia hadi kifundo cha pili na kutoka kikavu.

Kisha pazia. Neti ya kivuli ya asilimia 50, vipande viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha ubavu wa magharibi, vimepitishwa kwenye waya uliokazwa kati ya nguzo za reli na fremu ya dirisha. Vinasogea kama pazia la sebuleni. Chini havikufungwa kwa fundo bali kwa vibanio vya nguo, vinne vinne. Hili lilinichukua muda kumwelewesha fundi. Nilitaka upepo mkali ukija vibanio viachie, neti ipepee kama bendera, meza ibaki. Kilichofungwa kwa nguvu zote huondoka na kilichofungiwa.

Miche michanga ina kisanduku chake: kreti la soda lililofunikwa neti ya wadudu, yenye matundu madogo ya kuzuia inzi weupe na kantangaze (kipepeo mdogo ambaye viwavi wake hula nyanya). Hiyo ndiyo grinihausi pekee iliyobaki, na ina ukubwa wa begi la safari.

Siku ya kwanza ya pazia, saa kumi jioni, kipimajoto kilisoma 33. Nje 31. Sista aliniuliza kama kimeharibika.

Kuanzia Desemba hadi Machi tulipanda mchicha, bamia na pilipili mbuzi, na ndoo moja ya mrihani kwa ajili ya mama yake. Mchicha ulivunwa siku ya 24. Bamia ilizaa kama haina akili. Mwanzoni mwa Januari dhoruba ya usiku iliachisha vibanio vyote vya ubavuni. Asubuhi neti ilikuwa imejiviringisha kwenye waya, ndoo zote zimesimama. Pilipili zilipata utitiri Februari, majani yakajikunja, tukang'oa mbili. Hakuna aliyegusa salfa.

Nyanya tulizipeleka kwenye msimu wake, na hapa jua lenyewe lilitusaidia. Mtwara iko nyuzi 10 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na 22 Februari na karibu na 20 Oktoba. Katikati ya tarehe hizo, miezi yote ya kusi, linapita upande wa kaskazini, na Juni linazama likitazamana uso kwa uso na balkoni ya Sista. Ni miezi mikavu, usiku umepoa, na jengo lenyewe linazuia upepo. Video zinasema panda majira ya joto yakiingia. Kwa balkoni hii nyanya husiwa Aprili. Anayeishi upande wa pili wa jengo hilohilo, anayetazama kusini-mashariki, hesabu yake ni nyingine kabisa, na atakuwa na chumvi ya kusi kwenye kila jani.

Tulisia katikati ya Aprili, tukahamisha ndoo nne katikati ya Mei. Kila asubuhi Sista hutikisa vichala vya maua kwa vidole, kwa kuwa kule juu upepo wa kufanya kazi hiyo haufiki. Naandika haya Agosti. Hadi jana ndoo nne zilikuwa zimetoa nyanya 31, za ukubwa wa yai la kuku hadi ngumi ya mtoto. Kwa fedha aliyotumia tangu mwanzo angenunua matenga, na tulipopiga hesabu hiyo mezani alinitazama kwa jicho la sindano, basi nikaiacha.

Ile nailoni haikutupwa. Mama wa vitumbua aliiomba. Ameifunga juu ya meza yake barazani, imeinamishwa mbele, na mvua za masika zilipokuja asubuhi aliendelea kuchoma bila kuhamisha jiko.